Kurekodi runinga Kigoma: king'amuzi chenye diski ndani, au risiva na diski yako pembeni

Nyumbani kwetu Katubuka tumetumia vyote viwili. Tulianza na king'amuzi cha kampuni ya kulipia, kile chenye diski ya kurekodia ndani yake. Baadaye tukaongeza risiva ya kawaida yenye tundu la USB na diski tuliyoinunua wenyewe. Katikati hapo tulipoteza pesa, mechi kadhaa, na rekodi moja ambayo hakuna duka linaloiuza. Naandika kwa sababu kila wiki pale Mwanga kuna mtu anasimama mbele ya kaunta na kuuliza, "Kipi kinarekodi?" Muuzaji anamwonyesha cha bei kubwa, basi.

Siku hizi karibu vyote vinarekodi. Cha kuuliza ni kilichorekodiwa kitakuwa cha nani, na kitachezeka wapi.

King'amuzi cha kulipia kinapokea mawimbi yaliyofungwa. Kadi iliyomo ndani ndiyo inayoyafungua, tena kwa muda uliolipia. Kikirekodi, hakiandiki picha iliyo wazi. Kinaandika picha iliyofungwa kwa ufunguo wa king'amuzi hichohicho. Toa diski, ichomeke kwenye kompyuta: kompyuta itakuuliza kama unataka kuifomati, kwa sababu haioni kitu inachokielewa. Risiva ya chaneli za bure ni tofauti. Inapokea kilicho wazi na kukiandika kilivyo, kwa kawaida kama faili lenye herufi ts mwishoni, na faili hilo linachezwa na laptopu yoyote au simu yenye programu ya VLC.

Marekani wamebishana juu ya jambo hili tangu 1999, TiVo ilipoanza kuuzwa kama rekoda inayojitegemea. Ili rekoda ya namna hiyo ifungue chaneli za kidijitali zilizofungwa za kebo, mteja alipewa na kampuni yake kadi iitwayo CableCARD, na sheria ndiyo iliyozibana kampuni kuitoa. Mwaka 2020 tume ya mawasiliano ya huko, FCC, ililiondoa sharti hilo. Ina maana hata huko rekoda ya mtu binafsi ilitegemea ufunguo wa mwenye kebo. Huku kwetu mgawanyo ni mkali zaidi. Chaneli iliyofungwa inarekodiwa na mwenye ufunguo, chaneli iliyo wazi inarekodiwa na yeyote.

Kwa hiyo kabla ya kununua, chukua daftari na kwa wiki moja andika vipindi mnavyotaka kurekodi. Sisi tuliandika baada ya kununua, na hilo ndilo kosa letu la kwanza. Orodha ilikuwa hivi: mechi za Ligi Kuu, hasa Mashujaa wakicheza ugenini, maana wakiwa Uwanja wa Lake Tanganyika tunakwenda kwa miguu; taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwa ajili ya baba anayechelewa dukani; katuni za watoto; na vipindi vya dini. Kilichohitaji kadi ya kulipia ni kimoja tu, mpira. Haki za kuonyesha Ligi Kuu ziko Azam kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa 2021, na hakuna risiva ya bure itakayokupa mechi hizo kihalali. Vingine vyote vilikuwa kwenye chaneli za bure. Tulikuwa tumelipia kurekodi vitu ambavyo risiva ya elfu hamsini na kitu ingerekodi, na ingeturuhusu kuvitunza.

King'amuzi cha kampuni

Nisikidhulumu. Kwa urahisi wa kutumia, hakina mpinzani. Unafungua mwongozo wa vipindi, unasogea mpaka mechi ya Jumamosi, unabonyeza kitufe kimoja chekundu, umemaliza. Kinajua saa, kinajua jina la kipindi, na kinaweza kurekodi tamthilia nzima kila inaporushwa bila kuguswa tena. Mama yetu, ambaye hapendi kabisa mambo ya menyu, alikijua kwa siku mbili.

Shida ilianzia kwenye waya. King'amuzi cha namna hii kina vipokezi viwili au zaidi ndani, ndiyo maana kinaweza kurekodi chaneli moja huku mnatazama nyingine. Fundi wa kwanza alileta waya mmoja kutoka kwenye dishi, akaugawa kwa spilita ya kawaida nyuma ya king'amuzi, akachukua elfu ishirini yake akaondoka. Usiku huo tuliweka kurekodi, tukahamia chaneli nyingine, na skrini ikaandika hakuna mawimbi. Tukirudi kwenye ile ya kwanza, picha ipo.

Sababu yake ni hii. LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, huchagua mawimbi ya wima au ya mlalo kwa umeme unaopandishwa na king'amuzi kupitia waya: volti 13 kwa wima, volti 18 kwa mlalo. Juu yake hupandishwa mlio wa kilohezi 22 kuchagua masafa ya juu au ya chini. Waya mmoja hubeba chaguo moja kwa wakati. Kipokezi kimoja kikitaka wima na kingine kikitaka mlalo, kimoja kitakosa. Spilita haiwezi kumaliza ugomvi huo. Unahitaji LNB yenye matokeo mawili na waya wa pili kutoka juu, au ile LNB maalumu ambayo kampuni imeitaja kwa aina ya king'amuzi chako. Mwulize fundi kabla hajapanda ngazi, "Unapitisha nyaya ngapi?" Akijibu moja, mwulize ni LNB ya aina gani. Akisitasita, mlipe nauli yake mtafute mwingine.

Dishi lenyewe lina jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka mti umekua. Kutoka Kigoma, setilaiti za DStv zilizo nyuzi 36 mashariki zinaonekana upande wa kaskazini-mashariki, juu sana, karibu nyuzi 80 kutoka usawa wa ardhi. Ile ya Azam, nyuzi 7 mashariki, iko magharibi na kaskazini kidogo, upande wa ziwa, nyuzi 63 hivi. Mchikichi wa jirani ulioko magharibi ya nyumba hautagusa la kwanza, lakini ukikua karibu na ukuta utaliziba la pili. Wakati unatazama moja kwa moja utaona picha ikikatika na utalalamika. Ukiwa unarekodi uko kazini, utakuja kuona usiku kwamba dakika kumi za kipindi zimekuwa vipande vya miraba ya rangi.

Hapa kuna kipimo kilichotusaidia mara nyingi. Picha ikikwama kwenye rekodi, tazama chaneli hiyohiyo moja kwa moja. Ikikwama na huko, tatizo ni dishi, waya, au viungio vilivyoingia maji. Moja kwa moja ikiwa safi na rekodi zote, hata za jana, zinakwama, diski imeanza kufa. Usimruhusu fundi azungushe dishi kwa ugonjwa wa diski.

Umeme

Kama ungetaka kusoma sehemu moja tu ya maneno haya, soma hii. Mji wetu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, na wengi tulizoea umeme unaokatika, unarudi, unakatika tena ndani ya dakika tano. Taa ya kawaida inavumilia. Diski inayozunguka haivumilii. Kichwa chake cha kusoma kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unywele, na kila umeme unapozimika ghafla hulazimika kurudi mahali pake kwa nguvu iliyobaki. Mara moja si neno. Mara mia mbili kwa mwaka ni neno kubwa.

Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, king'amuzi kinaporudi huchukua dakika kadhaa kuwaka. Vingine huendelea na rekodi kama muda wake haujaisha, vingine husahau kabisa. Hata kile kinachoendelea, kipande cha katikati kimekwenda.

Dawa tuliyoitumia ni UPS ndogo ya kompyuta, kile kisanduku chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, ya VA 650. Betri iliyomo kwa kawaida ni ya volti 12, Ah 7. King'amuzi na diski kwa pamoja hula wati 25 mpaka 30, kwa hiyo UPS hiyo ikiwa nzima inakushikilia saa moja hivi, wakati mwingine zaidi. Sharti ni kwamba usichomeke TV hapo. TV peke yake inaweza kuimaliza ndani ya dakika chache, na kwa kurekodi huihitaji. Betri hizo huchoka baada ya miaka miwili mitatu. Ijaribu kila baada ya miezi kadhaa kwa kuchomoa plagi ukutani na kutazama saa.

Wenye sola wana njia nzuri zaidi, nayo ni bure kama betri ipo tayari. Geuza king'amuzi au risiva usome maandishi ya adapta. Ikiwa imeandikwa volti 12, amperi 1.5 au 2, kifaa hicho hakihitaji umeme wa TANESCO wala inveta. Kinaweza kula moja kwa moja kutoka kwenye betri. Angalizo ni kwamba betri ya sola ikiwa inachajiwa jua la saa sita hupanda mpaka volti 14.4, na kuna vifaa visivyopenda hivyo. Weka kidhibiti kidogo cha kuishusha iwe 12 kamili, na usikosee chanya na hasi, kwani kosa hilo halirudiwi.

Halafu kuna tabia ya nyumbani ambayo imetunyima rekodi nyingi kuliko TANESCO. Usiku mtu wa mwisho kulala anazima kila kitu ukutani ili LUKU isiende. King'amuzi kilichozimwa soketi hakirekodi chochote. Kinatakiwa kiachwe kimelala, taa nyekundu ikiwaka. Kifaa kinachokula wati 10 kikiwa kimelala, kwa saa 24 kinakula chini ya robo ya uniti. Tulibandika karatasi juu ya soketi: USIZIME HAPA. Pia tuliondoa kile kitambaa cha kufuma kilichokuwa juu yake. Kinapendeza, lakini matundu ya juu ndiyo yanayotoa joto, na diski iliyofunikwa Kigoma mwezi wa tisa inaiva.

Kifurushi kikiisha, king'amuzi kikifa

Mwezi mmoja ada za shule zilibana, hatukulipia kifurushi. Tulijua mechi mpya hatutaziona. Hatukujua kwamba hata zile tulizokwisha kurekodi, tulipokuwa tumelipia, hazitafunguka. Orodha ilikuwa pale, majina yote yapo, ukibonyeza unaambiwa huna haki ya kutazama. Si king'amuzi kibovu. Kimetengenezwa hivyo, na masharti yake yameandikwa kwenye karatasi ambazo tulizitupa pamoja na boksi. Kampuni nyingine hutoza na ada ya kila mwezi kwa ajili ya kurekodi tu, mbali na kifurushi. Uliza maswali mawili dukani, tena mbele ya mtu wa pili anayesikia: kifurushi kikiisha rekodi zangu zinachezeka? Na kurekodi kwenyewe kunalipiwa?

Lililouma zaidi lilikuja baadaye. Babu yetu ni mvuvi wa zamani wa Kibirizi, na siku moja alihojiwa kwenye kipindi cha runinga kuhusu dagaa na karabai, jinsi walivyokuwa wakivua usiku usio na mwezi. Dakika kumi na mbili. Tulizirekodi, na kila mgeni aliyekuja alionyeshwa: babu amevaa kofia yake ya kufuma, anaonyesha kwa mikono upana wa wavu, kwa nyuma yake mitumbwi. Miezi minane baadaye, usiku wa radi, king'amuzi kiliungua. Kampuni ilitubadilishia kifaa kwa bei ya nafuu na fundi wake alifanya kazi yake vizuri. Diski ya zamani tuliomba tubaki nayo, tukaipeleka kwa mtu wa kompyuta. Diski ilikuwa nzima kabisa. Kilichokuwa kimekufa ni king'amuzi chenye ufunguo wake. Dakika zile kumi na mbili zimo humo mpaka leo, ndani ya kabati, na hakuna anayeweza kuzifungua. Babu akija bado anauliza, "Ile yangu mmeitengeneza?"

Kipindi kile kilirushwa kwenye chaneli ya bure. Risiva yoyote yenye USB ingekirekodi wazi.

Risiva na diski yako

Tukanunua risiva. Kabla ya kueleza raha yake, nieleze mitego, kwa sababu ni mingi na hakuna anayekusaidia: kwenye king'amuzi kampuni imefikiria kila kitu, hapa unafikiria wewe.

Mtego wa kwanza ni flashi bandia. Flashi imeandikwa GB 64, kompyuta inasema GB 64, lakini ndani kuna 8. Ukipita 8 inaandika juu ya ulichokwisha kuandika, na faili linaonekana lipo ila halichezi. Nunua, kisha siku hiyohiyo ijaze kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, ambazo huandika mpaka ijae na kusoma tena kila kitu. Ikifeli, irudishe flashi dukani, risiti ikiwa bado mkononi.

Wa pili ni ukubwa. Hesabu ni rahisi. Chaneli ya kawaida ikienda kwa megabiti 4 kwa sekunde, saa moja ni GB 1.8. Chaneli ya HD ikienda kwa megabiti 8, saa moja ni GB 3.6. Mechi nzima na mapumziko yake, saa mbili, ni GB 7 na kidogo. Flashi ya GB 32 ni mechi nne tu za HD. Diski ya GB 500 inabeba saa 130 hivi. Flashi inafaa kujaribia na kuhamishia; kwa kurekodi kila siku tafuta diski. Na kama risiva yako ina taimushifti, ile ya kusimamisha kipindi cha moja kwa moja, izime ukiwa unatumia flashi. Inaandika bila kupumzika hata kama hurekodi kitu, na flashi za bei rahisi hufa kwa kuandikwa sana.

Wa tatu umewaliza wengi: rekodi inayokata mechi katikati. Risiva nyingi zikifomati diski huipa mpangilio wa mafaili uitwao FAT32, na FAT32 haikubali faili moja kuzidi GB 4. Kwa HD ya megabiti 8, GB 4 hujaa kwenye dakika ya 70 hivi ya kurekodi. Ondoa dakika 45 za kwanza, nyongeza na mapumziko. Rekodi inakufa kipindi cha pili kikiwa na dakika tisa au kumi. Risiva nzuri hugawa rekodi yenyewe, faili la kwanza, la pili, la tatu, na kuyacheza kama moja. Mbaya husimama kimya. Tazama kwenye menyu kama inakubali NTFS, mpangilio mwingine usio na kikomo hicho, na kama inakubali fomati diski kwa NTFS kwenye kompyuta. Usiweke exFAT bila kujaribu. Risiva nyingi za bei ya chini haziisomi.

Wa nne ni njaa ya diski. Tundu la USB la kawaida, lile la USB 2, kwa viwango vyake linatoa milliamperi 500. Diski ndogo ya inchi 2.5 wakati wa kuanza kuzunguka inaweza kutaka karibu mara mbili ya hapo. Utasikia tik, tik, tik, kisha risiva inasema hakuna diski. Wengi huitupa wakidhani imekufa. Weka hub ya USB yenye adapta yake, au ule waya wenye vichwa viwili ambao cha pili huchomekwa kwenye chaja ya simu. Diski ya SSD haina sehemu inayozunguka, haina tik, na umeme ukikatika haiumii kama hizo nyingine. Bei yake iko juu, ila kwa umeme wetu nadhani ndiyo inayolipa. Ya kwetu ya sasa ni SSD ya GB 480 iliyotolewa kwenye laptopu na kuwekwa kwenye kasha la USB.

Na wa tano ni saa. Risiva haijui Kiswahili. Taarifa ya saa mbili usiku kwenye menyu ni 20:00, na tulikuwa na wiki nzima ya rekodi za saa nane usiku kwa sababu mdogo wetu aliandika 02:00. Kanuni tuliyobandika ukutani: saa za mchana ongeza 6, saa za usiku ongeza 18, ikifika 24 au kuzidi toa 24. Saa kumi jioni ni 16:00. Saa moja usiku ni 19:00. Saa saba usiku ni 01:00, na hapo tarehe imeshabadilika, kwa hiyo kipindi cha saa saba usiku wa Jumamosi kinawekwa kwenye Jumapili. Halafu hakikisha menyu ya saa iko GMT+3. Mawimbi ya dijitali huleta saa ya UTC, yaani ile ya GMT bila nyongeza, na risiva ndiyo inayoongeza eneo lako. Ikiachwa kwenye sifuri, ukiweka 20:00 itaanza kurekodi saa tano usiku. Umeme ukikatika, risiva zisizo na betri ya saa hurudi zikiwa hazijui siku wala tarehe mpaka zikae kwenye chaneli yenye mawimbi. Ndiyo sababu nyingine ya UPS.

Kila ukiweka muda, anza dakika 5 kabla na maliza dakika 15 baadaye. Kwa mpira weka 30, na kwa mtoano weka saa nzima, kwa sababu muda wa nyongeza na penalti havimo kwenye ratiba.

Risiva nyingi za bei hii zina kipokezi kimoja. Ikirekodi, unatazama hichohicho, au chaneli nyingine iliyo kwenye masafa yaleyale, kama risiva inaruhusu. Orodhesha chaneli zinazokaa pamoja kwenye masafa mamoja. Ukizijua, kipokezi kimoja kinatosha kuliko unavyodhani.

Usitegemee kwamba chaneli za bure za ndani zitabaki kwenye king'amuzi cha setilaiti milele. Agosti 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, iliwazuia baadhi ya watoa huduma wa kulipia kuzibeba, na watu waliokuwa na vipindi vilivyowekwa kurekodiwa walikuta hakuna kitu. Antena ya kawaida juu ya paa na king'amuzi cha antena chenye USB ni akiba nzuri. Ila soma vizuri kama kinaandika faili la wazi. TV nyingi zenye kurekodi ndani yake hufunga rekodi kwa TV hiyo moja, sawa kabisa na king'amuzi cha kampuni. Kubadili TV ni kupoteza vyote.

Wapo watakaokwambia unaweza kuchukua picha ya king'amuzi cha kulipia kwa waya wa HDMI na kuirekodi pembeni. Chaneli nyingi za kulipia hukataa. Skrini inabaki nyeusi kwa sababu ya kinga ya HDCP. Zile nyaya tatu za AV, njano, nyeupe na nyekundu, kwenye vifaa ambavyo bado vinazo, hutoa picha ya ubora wa zamani. Kwa kutazama mwenyewe nyumbani tu. Kuchukua mechi iliyorekodiwa na kuionyesha kwa kiingilio kwenye kibanda umiza ni kuvunja sheria ya hakimiliki ya 1999, na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo.

Msimu wa mvua Kigoma huanza Oktoba, na radi zake zinajulikana. Mvua kubwa hukata mawimbi ya dishi kwa dakika chache, hilo halina dawa. Rekodi itakuwa na pengo. Radi ndiyo inayoua vifaa, na haiingii kwa umeme tu, hupitia pia waya wa dishi. UPS haitakusaidia upande huo. Fungia nguzo ya dishi waya mnene wa shaba mpaka kwenye chuma kilichozamishwa ardhini, na ukiona wingu jeusi linatoka upande wa Kongo, chomoa waya wa dishi na plagi zote. Kuchomoa plagi peke yake kulitugharimu king'amuzi.

Leo tuna vyote viwili, kila kimoja na kazi yake. King'amuzi cha kulipia, sasa ni kile kidogo kisicho na diski, tunakitumia kwa mpira tu na tunakilipia miezi ya ligi. Risiva na SSD hufanya mengine yote, na kila Jumapili jioni mtu mmoja ana zamu ya kuhamisha vya kutunza kwenda kwenye laptopu na diski ya pili. Faili la GB 7 kutoka diski kwa USB 2 huchukua dakika tano hivi. Kwenye flashi ya bei rahisi inayoandika MB 5 kwa sekunde, jiandae kusubiri zaidi ya dakika ishirini.

Ukienda dukani, nenda na flashi yako uliyokwisha kuipima. Mwombe muuzaji awashe kifaa, achomeke dishi la duka, arekodi dakika tano za chaneli yoyote. Katikati ya kurekodi mwombe achomoe plagi kisha airudishe. Toa flashi, ichomeke kwenye simu yako kwa kile kiungio cha OTG, fungua kwa VLC. Ukiona picha na kusikia sauti mpaka pale plagi ilipochomolewa, umejua unachokinunua.